Nikeli isiyong'aa au kromu? Koki za nyumba mbili, Arusha na Moshi

Muuzaji aliziweka koki mbili juu ya kaunta ya kioo, akasema, "Dada, zote brashi nikeli. Tofauti ni bei tu." Kwa macho ya mle dukani, chini ya taa ya mrija, huwezi kumlaumu. Zote kijivu, zote hazing'ai, zote zina vile vistari vyembamba kama nywele. Nikazinyanyua, moja mkono huu, nyingine mkono ule. Moja ilivuta mkono chini. Nyingine ilikuwa nyepesi kama mwiko wa plastiki. Nikaomba nitoke nazo barazani. Juani ile nzito ilivuta kidogo kwenye umanjano, kama maziwa yaliyodondokewa na tone la chai ya rangi. Ile nyepesi ilibaki kijivu kikavu, kijivu cha rangi ya gari. Nikazigeuza, nikachungulia tundu la chini panapofungwa mpira wa maji. Nzito ndani ilikuwa njano. Nyepesi ndani ilikuwa kama risasi ya penseli.

Nimeanza na hapo kwa sababu wanaoniuliza "nikeli au kromu?" wanauliza swali la tatu kabla ya la kwanza. La kwanza ni koki imefinyangwa kwa metali gani. La pili ni maji yako yanatoka wapi na yanafika kwa nguvu gani. Rangi inakuja baada ya hayo. Lakini najua rangi ndiyo iliyokuleta, basi tutakwenda nayo njia nzima.

Mwaka ule nilikuwa namalizia nyumba Moshono, Arusha. Wakati huohuo mimi na ndugu zangu tulikuwa tunakarabati nyumba ya wazazi kule Uru, Moshi, iwahi Krismasi. Koki za nyumba zote mbili zikaangukia mikononi mwangu, maana ndiye niliyekuwa nashinda madukani. Moshono niliweka nikeli isiyong'aa karibu kila mahali. Uru tuliweka kromu ya kawaida. Huu ni mwaka wa tatu, na nimeshajua wapi nilipatia na wapi nilinunua somo.

Ndugu wa tumbo moja

Koki ya kromu ina nikeli ndani yake. Kiwandani mwili wa koki huzamishwa kwenye dawa na kupitishiwa umeme, nikeli ikashika juu yake. Kisha juu ya nikeli hupakwa kromu nyembamba mno, kwa kawaida haifiki maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Nikeli ndiyo blanketi linalokinga mwili, kromu ni lile tabaka gumu la juu linalong'aa kama kioo na halichujuki.

Nikeli isiyong'aa ni safari hiyohiyo iliyoishia njiani. Nikeli husuguliwa kwa brashi mpaka ipate vistari, ikaachwa hivyo bila kromu. Kwa kuwa nikeli ni laini kuliko kromu na huchujuka ikipigwa na hewa na maji, viwanda vingi huipaka vanishi isiyoonekana. Vanishi hiyo ndiyo unayoishika kila siku. Ikiisha, umebaki na nikeli tupu.

Kuna njia nyingine ambayo kwenye boksi huandikwa kwa herufi tatu tu, PVD. Hapo metali hugeuzwa mvuke ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, mvuke ule ukagandia kwenye koki. Mara nyingi metali yenyewe si nikeli hata kidogo, ni zirkoniamu iliyopangwa itoke na rangi ya nikeli. Tabaka lake ni gumu, linastahimili mikwaruzo kuliko nikeli ya vanishi na hata kuliko kromu. Ukikuta koki mbili za kijivu zinazofanana, moja boksi lake lina herufi hizo na nyingine halina, zina haki ya kupishana bei.

Halafu kuna ile ya tatu, ile nyepesi ya barazani: zinki iliyopuliziwa rangi ya kijivu. Hiyo nayo inauzwa kwa jina la nikeli.

(Nikeli yenyewe tunayo, imelala ardhini Kabanga, wilayani Ngara. Ila koki tunazonunua zinakuja kwa meli.)

Na ya nne, ambayo wengi huichanganya na nikeli bila mtu kuwadanganya, ni stenlesi iliyosuguliwa. Ile ya daraja la 304 ina kromu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8 zilizoyeyushwa pamoja na chuma, mwanzo hadi mwisho. Haina tabaka la juu la kubanduka kwa sababu haikupakwa kitu. Ukiweka stenlesi karibu na nikeli utaona stenlesi ni ya baridi, inaelekea kwenye ubuluu, na nikeli ina joto lake. Ukiitazama peke yake hutajua. Ndiyo maana usiende kununua koki ya jikoni bila picha ya sinki lako, na hata picha inadanganya. Mimi nilichukua kifuniko cha tundu la sinki, nikakitia kwenye mkoba, nikazunguka nacho mjini.

Mwili

Brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, ni nzito, ndani ni njano, na nyuzi zake za skrubu hukubali kufungwa na kufunguliwa mara nyingi. Zinki ni nyepesi, ndani ni kijivu, na nyuzi zake hukatika kama biskuti fundi akiongeza robo mzunguko. Fundi wangu wa bomba ana msemo wake kuhusu koki za zinki: "Hii ukishaifunga, dada, usiiguse tena, iogope." Alikuwa anatania, lakini ya bafu la kijana wa ndani, niliyoinunua kubana matumizi, ilivunjika shingoni mwaka wa pili. Shina likabaki ndani ya ukuta, na fundi akatumia asubuhi nzima kulichokonoa bila kupasua kigae. Pesa niliyookoa dukani ilirudi kwake, na ya juu.

Watu hushauri kwenda na sumaku. Haisaidii sana hapa. Brasi haivutwi na sumaku, zinki nayo haivutwi. Sumaku ikinasa kwa nguvu ujue ni chuma cha kawaida kilichopakwa, kirudishe. Zaidi ya hapo tumia mkono na jicho: uzito, na rangi ya ndani. Muuzaji asiyekuruhusu kufungua boksi, mshukuru, nenda duka la jirani.

Koki ya kromu yenye mwili wa brasi ni bora kuliko koki ya nikeli yenye mwili wa zinki, hata kama ya pili inapendeza zaidi kwenye picha. Hili kwangu halina mjadala.

Bafuni, nikeli inashinda

Kromu ni kioo. Kila tone likikauka juu yake linaacha duara jeupe, kila kidole kinaacha muhuri wake. Nyumba yangu ina watoto wawili wanaopiga mswaki wakigombana. Kama pale kwenye sinki la kunawia ningekuwa na kromu, ningeifuta asubuhi, mchana na jioni, au ningeacha kuitazama. Vistari vya nikeli vinavunja mwanga, madoa hayapati pa kujionyesha. Mgeni akiingia saa nne, baada ya vita ya mswaki, anakuta koki inaonekana safi.

Nimesema inaonekana. Mwaka wa kwanza ulipoisha nilipitisha ukucha kwenye shina la koki, pale inapokutana na sinki, nikakuta ukoko mgumu umezunguka kama pete. Ulikuwa pale miezi yote. Kromu ingekuwa imenipigia kelele tangu wiki ya pili, nikeli ilikaa kimya. Ni faida na ni hasara, inategemea wewe ni mtu wa aina gani.

Ukoko huo unatokana na madini yaliyomo majini. Ukitaka kujua maji yako ni ya aina gani kabla ya kununua chochote, tazama ndani ya birika la umeme. Kama lina gamba jeupe chini, una maji magumu, na gamba hilohilo litajenga nyumba kwenye mdomo wa koki. Kama birika ni safi baada ya miezi sita, huna haja ya kuogopa kromu. La Moshono, tulipokuwa tunachota kwenye kisima cha jirani, lilikuwa na gamba. La Uru, kwa maji ya chemchemi yanayoshuka mlimani, linang'aa kama jipya. Kwa hiyo kromu ya Uru haijapata shida ambayo kromu ya Moshono ingeipata, na ningekuwa mwongo kusema kromu ni mbaya kwa watu wote.

Ukoko unaondoka kwa limao au siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Loweka kitambaa, zungushia, dakika chache, suuza, futa. Kwenye kromu ukisahau kitambaa pale ukaenda sokoni, huenda usione kitu. Kwenye nikeli ya vanishi utakuta baka. Jiki usiipeleke karibu na nikeli kabisa, na dawa za chooni zenye asidi usizipeleke karibu na yoyote kati ya hizi.

Hapo kwenye asidi nina la kusimulia. Fundi wa vigae alipomaliza bafu la wageni, alimwaga asidi sakafuni kuondoa mabaki ya saruji, kama wanavyofanya mafundi wengi. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Koki ilikuwa imeshafungwa siku mbili kabla, nikeli mpya kabisa, bado ina karatasi ya nailoni. Hakuimwagia hata tone, mvuke tu ulitosha. Tulipobandua nailoni, sehemu iliyokuwa wazi ilikuwa na madoa meusi kama ngozi ya ndizi mbivu. Kromu nayo ingeumia, na stenlesi pia. Funga koki mwisho kabisa, vigae vikiwa vimeoshwa na bafu limepigwa upepo.

Kuna wachache ambao ngozi yao haipatani na nikeli, wale wanaowashwa na hereni za bei rahisi. Kushika koki sekunde mbili si sawa na kuvaa hereni kutwa, lakini kama mtu wa namna hiyo yumo nyumbani, kromu iliyoifunika nikeli yake, au stenlesi isiyoiachia kwa urahisi, itampunguzia wasiwasi.

Jikoni, mambo yanageuka

Shangazi yangu alikuja kutuona mwezi wa saba, kipindi ambacho Arusha ni baridi ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Shangazi ni wa kizazi ambacho mgeni anakaa siku ya kwanza tu, siku ya pili anashika kazi. Nilirudi jioni nikakuta jiko limepigwa deki, masufuria yamekwanguliwa masizi mpaka yanaakisi dirisha, yamepangwa kuanzia kubwa hadi dogo. Akaniambia kwa furaha, "Na bomba lako lilikuwa limefubaa, nimelisugua na stilwaya na majivu, lakini halitaki kung'aa, mwanangu. Walikuuzia zee."

Sikuwa na la kusema. Unamwambia nini shangazi? Nikamshukuru. Koki ilikuwa na mikwaruzo ya duara, kwenda kinyume na vistari vyake, kuanzia shingoni mpaka mdomoni. Mkwaruzo unaofuata vistari hujificha, unaovikata huonekana ukiwa mlangoni. Na huwezi kuirudishia brashi nyumbani, kwa sababu unachosugua si metali nzito, ni vanishi na tabaka jembamba. Ukiendelea unafika kwenye brasi.

Sasa linganisha. Kromu ingepigwa na stilwaya ileile ingepata mikwaruzo pia, lakini ni ngumu zaidi, na shangazi angeiona inang'aa tangu mwanzo, asingeona sababu ya kuisugua. Stenlesi ndiyo ingecheka. Ukiisugua kwa pedi laini kufuata vistari, mikwaruzo inafifia, maana chini ya stenlesi kuna stenlesi. Na PVD ingevumilia, sijui kama ingemshinda shangazi.

Ndiyo maana kwa jikoni nimebadili msimamo. Jiko letu lina masizi, lina mafuta ya kukaangia, lina mikono mingi: dada wa kazi, wageni, watoto wanaotumwa kuosha vyombo kwa hasira. Sinki lenyewe kwa wengi wetu ni stenlesi. Weka koki ya stenlesi, rangi zikubaliane, mambo yaishe. Nikeli ya vanishi jikoni ni kumnunulia mtoto wa shule ya msingi shati jeupe la hariri.

Ukiwa jikoni tazama shingo kabla ya rangi. Shingo ndefu iliyopinda kama ya bata, inayozunguka, ndiyo inayokuruhusu kuingiza sufuria la pilau na ndoo ya lita 20. Ile fupi inayopendeza dukani itakufanya ujaze ndoo kwa kikombe. Zile zenye kichwa kinachovutika na mpira wake ni nzuri kama una presha. Kama huna, mpira ule unageuka kuwa pambo.

Na kama unanunua jikoni Arusha, mwambie fundi aache tundu moja la ziada kwenye sinki au kaunta. Maji ya miteremko ya Meru yana sifa ya floraidi, meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa Arumeru yanasimulia hilo. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingine vinapita hapo kwa mbali. Hakuna koki inayoondoa floraidi, na kuyachemsha maji hakuiondoi, kunaikoleza. Inahitaji chujio lake, kama yale ya mkaa wa mifupa yaliyofanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Siku ukiamua kuweka chujio chini ya sinki, kikoki chake kidogo cha maji ya kunywa kitataka tundu. Kulitoboa kwenye graniti iliyokwisha kufungwa ni kazi ya kukosesha usingizi.

Jambo moja la brasi ambalo rangi haiwezi kulifunika: brasi ya kawaida huwa na risasi kidogo ndani yake, ile metali yenye sumu, inatiwa ili ichongeke kwa urahisi. Marekani tangu Januari 2014 wanataka sehemu zinazogusa maji ya kunywa zisizidi wastani wa asilimia 0.25 ya risasi. Kama boksi halisemi kitu, asubuhi acha maji yaliyolala ndani ya koki yatoke kidogo, yakinge, uyamwagilie maua, ndipo ujaze birika. Stenlesi haina shida hiyo.

Presha, mahali pesa zinapopotelea

Fundi aliponiunganishia ile miksa nzuri ya sinki la kunawia, koki inayochanganya maji ya moto na ya baridi, niliinua mkono wake, maji yakatoka kama mtu anayelia kwa aibu. Nikamwangalia fundi, fundi akaangalia juu, kwenye simtanki.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningeijua mapema ningenunua kitu kingine. Kila mita moja ya kimo kutoka usawa wa maji kwenye tanki hadi mdomo wa koki hukupa kama 0.1 ya baa, kipimo cha presha. Mnara wa tanki langu ni mita 3. Mdomo wa koki uko mita 1 na kitu juu ya sakafu. Inabaki mita 2 kasoro, ongeza mita moja ya maji tanki likijaa. Napata 0.3 baa siku njema, 0.2 tanki likielekea kuisha. Boksi la miksa, nyuma, kwa herufi za kusomewa na sisimizi, lilitaka 0.5 kwenda juu.

Hili si la nikeli wala kromu, lakini linaigusa nikeli kwa njia ya pembeni. Koki za nikeli zinazofika kwetu nyingi ni miksa za mkono mmoja, zimebuniwa kwa nyumba zenye maji ya mtaa yenye nguvu. Ndani zina katriji yenye visahani viwili vya kauri vinavyotelezeana, na vijitundu vyake ni vyembamba. Kromu ndiyo bado inapatikana kwa wingi kwenye mitindo ya zamani ya kuzungusha, yenye washa ya mpira na njia pana, ambayo hata 0.2 baa inaitosha. Kwa nyumba ya tanki fupi, koki ya kizamani ya kromu inaweza kuipita miksa ya gharama mara mbili yake.

Kwangu fundi alifungua kichujio cha mdomoni, akatoa kile kiplastiki kinachobana maji, yakaboreka. Hayakuwa mazuri, yalivumilika. Njia nyingine ni kuinua mnara au kuweka pampu ya presha, na pampu inataka umeme uwepo.

Uru ni kinyume chake. Maji yanashuka kutoka juu, yanakuja yakiwa na hasira. Pale miksa ya aina yoyote ingefanya kazi, ila mipira ya kuunganishia isipokuwa imara hupasuka, na ikipasuka usiku katika nyumba isiyo na mtu unakuta bwawa. Tulichofanya ni kuweka koki ya kuzuia chini ya kila sinki na kuzifunga kabisa tukiondoka.

Masika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, maji huja na udongo sehemu nyingi za huku. Changarawe ndogo ikiingia kwenye katriji, koki inaanza kudondosha. Katriji haitengenezwi, inabadilishwa, na lazima ujue ukubwa wake: nyingi ni milimita 35 au 40. Washa ya mpira inabadilishwa kwa spana malaya na dakika tano. Iwe rangi gani, mwambie fundi azungushie kitambaa kabla ya kubana. Meno ya spana yakishaiuma nikeli, yameiuma.

Kama jikoni huna maji ya moto, usinunue miksa kwa sababu ya sura. Ina miguu miwili, na ule wa moto hauachwi wazi. Fundi atauunganisha na wa baridi kwa tii, kile kiungio cha njia tatu, utakuwa umelipia mlango wa pili unaofungukia chumba kilekile. Moshi mjini, mita 800 hadi 900 juu ya bahari, wengi wananawa maji ya baridi mwaka mzima bila malalamiko. Arusha kwenye mita kama 1,400 mwezi wa saba utaitafuta miksa mwenyewe.

Kufanana na kupata spea

Kromu ya kiwanda hiki na kromu ya kiwanda kile zikikaa pamoja hakuna anayejua. Nikeli haiko hivyo. Kila kiwanda kina nikeli yake: nyingine njano, nyingine kijivu, nyingine ina vistari vya kulala, nyingine vya kusimama. Niliponunua koki Arusha na reli ya taulo Moshi, nikazifunga ukuta mmoja, zilionekana kama wapangaji wasiosalimiana. Ukichagua nikeli nunua kila kitu cha bafu hilo siku moja, kampuni moja: koki, shawa, reli, kishikio cha karatasi, kibomba cha kujisafishia chooni, hadi kifuniko cha tundu la sinki. Na chukua kimoja cha akiba. Miaka miwili baadaye ule mfano haupo.

Spea za kromu zipo hadi kwenye maduka ya kijijini. Kofia ya nikeli ikipotea, utaweka ya kromu na kujifanya ulikusudia.

Bei, kwa mfano uleule wa kampuni ileile, nikeli huwa juu ya kromu, PVD juu zaidi. Nyeusi zisizong'aa sizijadili: ni nzuri siku ya picha, na maji ya gamba yanazipaka chokaa wiki hiyohiyo. Za dhahabu ni za wenye moyo.

Nilivyoishia

Bafu letu Moshono limebaki na nikeli, na nikipewa nafasi ningeirudia, ila ya PVD na kwa mnara wa mita 4 na nusu. Bafu la wageni, lile lililoungua kwa mvuke wa asidi, lina kromu ya brasi. Mgeni anakaa siku tatu, wa kuifuta nipo. Jikoni ile ya mikwaruzo ilitoka, ikaingia stenlesi ya shingo ya bata, maji ya baridi tu.

Uru hatujagusa kitu. Nyumba ile inalala kimya miezi kumi na moja, halafu Desemba inapokea watu ishirini kwa wiki mbili, wanaofungua koki kama wanafungua geti. Ni kromu, ni za kuzungusha, zina washa. Kaka hubeba washa mfukoni tukipanda, na kabla ya ndafu kuchinjwa zimeshabadilishwa.

Shangazi amepiga simu, atashukia kwetu Moshono kabla ya kwenda Uru. Stilwaya nimeihamishia kwenye karo la nje, karibu na koki ya brasi tupu ya nusu inchi isiyo na rangi yoyote juu yake. Nimeitazama jana, kwa kweli imefubaa.